Kikombe cha Tano

Jumamosi, 2 Novemba

Daktari amesema sukari imeshapiga hodi. Nikiendelea kukaa ofisini Al Khuwair, hapa Maskati, kutwa, kisha nirudi Darsait nikae tena sebuleni, itaingia na kujichagulia chumba. (Hayo ya chumba nimeongeza mimi.) Ameniambia niwe na daftari, niandike ninachokula na ninavyotembea. Basi leo nimekula vipande vitatu vya mkate wa kumimina, na nimetembea.

Aliyenitoa ndani ni Khawla, shoga yangu tangu tuna miaka kumi. Anasomesha sayansi, na kila Jumamosi hupanda milima na watu watatu: Thabit wa ofisini kwetu, ambaye ndiye kiongozi, na Jaifar na mkewe Jawaher. Leo ilikuwa njia ya Mutrah mpaka Riyam, ile yenye alama za rangi kwenye mawe. Wenyewe wanaiita matembezi. Mimi niliipita nimeshikilia mawe tangu mwanzo mpaka mwisho. Naogopa urefu, naogopa changarawe inayoteleza, naogopa hata mbuzi anaposimama juu yangu akaniangalia.

"Geuka basi uone," Khawla aliniambia kule juu. "Bandari yote iko chini yako, na limeli la watalii limejaa tele."

Sikugeuka. Kugeuka kulitaka niachie jiwe.

Tuliposhuka, Thabit alitoa birika la kahawa, sinia dogo na vikombe vitano, akavipanga juu ya boneti ya gari lake. Huo ndio mtindo wake. "Kuhesabu vichwa ni kwa watoto wa skuli," alisema. "Watu wazima huhesabiwa kwa kahawa. Sinia likibaki tupu, tumetimia, tunaondoka." Nikamwona mtu wa maana sana. Nilipokunywa cha pili nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, maana huku asiyetikisa huongezwa mpaka ajute.

Jumanne, 5 Novemba

Mapaja yanauma. Ngazi za ofisini nimeshuka kinyumenyume.

Jumamosi, 9 Novemba

Njia ile ile. Nimegeuka. Nimeiona bandari kwa muda wa kuhesabu mpaka nne, kisha nikafumba macho.

Jumamosi, 16 Novemba

Thabit amenikabidhi kahawa. "Mikono yako ina khofu, Nasriya," alisema, "na mwenye khofu hamwagi." Walicheka wote, nami nikacheka, ila moyoni nilifurahi. Sasa mimi ndiye ninayepanga vikombe na kutia. Watu wakishachukua, Thabit huuliza kwa mbali, "Vimetimia?" nami hujibu, "Vimetimia!" Hapo ndipo magari yanapowashwa.

Khawla huwa wa mwisho siku zote. Kila kijani kinachoota kwenye ufa lazima akiinamie, akipige picha, akitajie jina. "Nsubiri, shoga" ndio wimbo wake. Nami humsubiri, maana kumsubiri ni kupumzika.

Ijumaa, 29 Novemba

Mama amesikia kwamba mwezi ujao tutaacha milima ya mjini tuingie kwenye wadi, yale mabonde makavu ambayo mvua huyageuza mito. Amekaa na tasbihi yake mpaka chai ikapoa. Yeye kazaliwa Unguja, akaja huku msichana, na mpaka leo hajaizoea mvua ya Omani.

"Mvua ya kwetu ilikuwa na adabu," alisema. "Ikikunyeshea unaiona juu ya kichwa chako. Ya huku humnyeshea mwenzio mbali huko milimani, wewe umekaa kwenye jua lako, na maji yanakuja kukuchukua. Nnakwambia, mwanangu, wadi haina salamu."

Nikamwambia tuna kiongozi. Akaniuliza kama kiongozi huyo maji yanamjua.

Jumamosi, 7 Desemba

Wadi ya kwanza. Iko nyuma ya milima, njia ya kwenda Quriyat, na jina lake siliandiki kwa kuwa Mama husoma madaftari ya watu. Ni bonde la mawe meupe, kavu, kuta zake ndefu kuliko majumba ya Ruwi, na mbingu imebaki ufito mwembamba juu. Ndani zaidi kuna vidimbwi vya maji ya kijani. Ni pazuri, sikatai.

Lakini niliona kandambili ya mtoto imekwama kwenye ufa wa ukuta, juu ya kichwa cha Jaifar, na Jaifar ndiye mrefu kuliko sote. Nikauliza nani kaiweka pale.

"Maji," alisema Thabit, akaendelea kutembea.

Jumamosi, 14 Desemba

Sikwenda. Nimemwambia Khawla nina mafua.

Jumatano, 18 Desemba

Sukari imeshuka. Daktari amefurahi mno. Mimi nimeogopa, kwa sababu sasa sina sababu ya kuacha.

Jumamosi, 21 Desemba

Wadi ile ile. Niliitafuta kandambili nikaiona. Kila tulipopita kona niliangalia ukuta wapi mtu anaweza kupanda, nikahesabu sehemu nne tu. Kulikuwa na mawingu upande wa milima mikubwa. Nilimwonyesha Thabit, akasema ni ya mapambo. Alisema kwa kunibeza, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama ushujaa wake si uvivu wa kutazama juu.

Jumamosi, 4 Januari

Mutrah na Riyam. Nimekimbia kipande kizima! Khawla amenipigia makofi.

Ijumaa, 10 Januari

Wametangaza mvua kuanzia Jumapili. Jawaher akauliza kwenye simu, kwenye kikundi chetu, kama bora tuahirishe. Thabit akajibu: "Mvua ni Jumapili. Kesho ni Jumamosi." Khawla naye akanitumia ujumbe peke yangu: "Ukiogopa usije, shoga, hatutakucheka." Najua watanicheka. Nitakwenda.

Mama amenijazia chupa ya maji mwenyewe, akaisomea, akanipa bila kunitazama.

Jumamosi, 11 Januari, alasiri, ndani ya gari

Naandika ili mikono isikae bila kazi. Niko ndani ya gari la Jaifar, mahali ambapo barabara ya changarawe inakatana na wadi. Asubuhi tulipita hapa tukatimua vumbi. Sasa ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanabingirisha mawe chini yake, na mngurumo wa mawe hayo nausikia mpaka kwenye kiti. Khawla yuko upande wa pili. Simu yake haipatikani. Watu wa uokozi wamefika, wamesema hakuna wa kuvuka mpaka maji yapungue, na helikopta haiwezi kuingia mawingu yakiwa chini hivi.

Ee Mola, msitiri. Nitaandika yalivyokuwa, jambo baada ya jambo.

Asubuhi kulikuwa na jua. Tulikwenda ndani mpaka kidimbwi cha tatu, ambako lazima upite juu ya kijukwaa cha jiwe, upana wake kama rafu ya kabati. Katikati yake nilishikwa. Mguu haukwenda mbele wala nyuma. Nililia, nasema kweli, nililia kwa sauti. Khawla alikuwa ameshavuka, akanitolea simu akawa ananipiga picha, huku anawaambia wenzake, "Nasriya huyu, hata lifti ya ofisini hupanda kwa Ayatul Kursi!" Wakacheka. Thabit ndiye aliyerudi akanishika mkono. Khawla aliponiona uso akaacha kucheka, akasema, "Khaa, shoga, si utani tu."

Kurudi nikatangulia na Jawaher. Khawla alikuwa nyuma na mimea yake. Sikumwangalia tena.

Tulipofika kwenye magari upepo ulikuwa umegeuka, unanuka vumbi lililorowa. Thabit akahimiza: kahawa upesi, twende zetu. Nikapanga vikombe vitano. Jaifar na Jawaher wakachukua vyao wakaingia garini kuukwepa upepo. Thabit akachukua chake. Nikachukua changu. Hapo akapita mzee mmoja wa mlimani, fimbo mkononi, anapanda wadi kutafuta mbuzi wake wawili. Kwetu mtu hapiti mbele ya kahawa asiitwe, aibu yake haifutiki. Nikamwita, "Ami, tafadhali, kahawa." Akanywa amesimama, akatikisa kikombe, akatuombea salama, akashika njia ya juu.

Thabit alikuwa ameshakaa kwenye usukani. "Vimetimia?"

Nikatazama sinia. Tupu.

"Vimetimia!"

Nimevihesabu mara nyingi sasa hapa. Thabit kimoja. Jaifar kimoja. Jawaher kimoja. Mimi kimoja. Mzee kimoja.

Nilipoingia kiti cha nyuma, Jawaher akaniuliza, "Khawla yuko wapi?" Nikasema, "Kaenda na Thabit. Kanuna." Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia neno hilo, nikaliamini, na wallahi nilifurahi kukaa peke yangu.

Tukaenda dakika ishirini na tano mpaka kituo cha mafuta, tukasimama kunywa chai. Gari la Thabit lilikuwa limeshafika. Akateremka. Mimi nilingoja mlango wa pili ufunguke. Niliungoja muda mrefu kabla sijaelewa kwamba haufunguki.

Tukarudi kwa kasi ambayo siku nyingine ingeniua kwa khofu. Milima mbele yetu ilikuwa myeusi. Juu yetu hakukudondoka hata tone. Mama alisema.

Sasa Thabit amekaa chini kando ya maji, amekumbatia magoti. Kila mtu wa uokozi anayepita anamwambia, "Nilisikia vimetimia," na wao hawajui anasema nini. Jawaher amempigia simu mama yake Khawla. Mimi sikuweza. Nilikuwa hatua kumi mbali na nilimsikia yule mama akilia ndani ya simu.

Khawla hajui kupanda. Anajua majani tu. Zile sehemu nne za kupandia ukutani nazijua mimi, na sikupata kumwonyesha hata moja.

Jaifar ameadhini magharibi hapa nje. Siyaoni tena maandishi yangu.

Jumapili, 12 Januari

Yu hai.

Yu hai. Wamempata saa moja asubuhi, juu ya jukwaa la mawe, na yule mzee yuko naye. Alikuwa ameteleza akavunjika kifundo cha mguu. Mzee alikuwa anapanda kutafuta mbuzi, akamkuta, akamburuta mpaka juu, na nusu saa baadaye maji yakapita pale alipokuwa amelala. Usiku kucha mzee alikaa upande wa upepo, akimkinga. Anaitwa Sleyum. Mbuzi wake hawajaonekana.

Helikopta ilipomshusha nilikimbia nikamshika mkono. Ulikuwa baridi na mchanga mchanga. Alinitazama kwa muda, kisha akafumba macho.

Jumatano, 15 Januari

Hospitali. Chumba kimejaa shangazi zake na mikoba ya matunda. Mmoja akasema, "Na wewe Khawla na majani yako, umezidi. Ungewafuata wenzio yangekukuta haya?" Wengine wakaitikia. Khawla akatabasamu kidogo, akageuza macho kwangu. Nilikuwa nimeshika sinia la sharubati. Ulimi ulikuwepo, meno yalikuwepo, na sikusema kitu.

"Ahsante kwa kuja, shoga," aliniambia nilipoaga. Basi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekaa ndani.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekaa ndani. Usingizini nahesabu vikombe.

Jumatatu, 27 Januari

Thabit alikuja mezani kwangu. Amekonda. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikajiandaa kulia. Kumbe amekuja kunambia kwamba amekwenda kwa baba yake Khawla, akakaa mbele yake, akasema kosa ni lake lote. "Nilikuona ukimpa mzee kahawa, Nasriya. Nilikuona kwa macho yangu. Nikauliza habari za sinia, sikuuliza habari za watu."

"Ulimtaja nani mwingine?" nilimuuliza.

"Sikumtaja mtu."

Nilimshukuru, akaondoka. Mtu huyu nilimwona shujaa, kisha nikamwona mjinga mwenye kiburi, na leo naona ana uthubutu ambao mimi sina. Afadhali angenitaja. Sasa khofu yote imebaki kwangu, na hakuna wa kunisaidia kuibeba.

Jumapili, 2 Februari

Sukari imepanda tena. Daktari ameuliza nimekula nini.

Kuna neno sikuliandika siku ile. Nilidhani nisipoliandika litakufa lenyewe, lakini kila nikifungua daftari hili nalikuta linaningoja.

Tulipokuwa tunarudi, kabla ya kona ya mwisho, Khawla aliniita. "Nsubiri, shoga." Mara ya kwanza nilijifanya upepo umeichukua sauti. Mara ya pili aliita kwa jina langu, na nilisimama. Nilisimama kidogo tu. Nikakumbuka wanavyonicheka, nikaendelea. Jawaher alikuwa mbele, hakusikia. Mimi nilisikia.

Jumanne, 11 Februari

Nimekwenda mpaka mlangoni kwao. Nimerudi.

Jumanne, 18 Februari

Nimekwenda tena, nikaingia, tumezungumza juu ya bei ya samaki.

Jumanne, 25 Februari

Ramadhani imekaribia. Simu imejaa jumbe za kuombana radhi, zile zinazotumwa kwa watu mia kwa mara moja, na maua pembeni. Mmoja umetoka kwa mtu aliyewahi kunigonga gari. Nilianza kumwandikia Khawla kama huo. Ilikuwa rahisi mno: naomba radhi kwa niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Mama alikuwa nyuma yangu, kumbe anasoma.

"Radhi ya simu ni ya watu wa mbali," alisema. Kisha akaweka maji jikoni ya kahawa, ingawa hatukuwa na mgeni. "Kesho uchukue birika langu."

Amesoma daftari. Amesoma lote. Sikumkasirikia.

Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda baada ya alasiri. Khawla alikuwa peke yake barazani, mguu juu ya mto, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Nikaweka sinia, nikatia kahawa, nikampa. Nilishikwa kama siku ile kwenye kijukwaa cha jiwe, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

"Nna jambo," nikasema.

"Sema."

Nikamwambia habari za kikombe. Nilivyomwita mzee, sinia lilivyobaki tupu, nilivyojibu. Hakushtuka. Alizungusha kikombe chake kiganjani.

"Najua," alisema. "Ami Sleyum alinambia usiku ule ule. Nlimwambia wenzangu wananingoja chini na kahawa. Akanambia, 'Binti yangu, wameondoka, nadhani kahawa yako nimeinywa mimi.' Masikini, akaniomba radhi yeye."

"Umejua siku zote hizi? Mbona hukusema?"

"Nlikuwa nakungoja, Nasriya. Wiki sita. Kila ukija unanambia habari za samaki."

Nilitaka kuishia hapo. Hakuna binadamu angenilaumu kama ningeishia hapo.

"Na uliponiita," nikasema. "Nilikusikia. Mara zote mbili."

"Nlikuona. Mabega yako yalisimama."

Jirani alikuwa anamwagilia mimea yake, tukasikiliza maji mpaka akafunga bomba. Khawla alishtuka kidogo kwa sauti ile ya maji. Nimeiona khofu yangu ndani ya mwili wake, na nimeiweka mimi.

"Nkuulize kitu kimoja, unijibu kweli," alisema. "Ulivyomwambia Jawaher nimekwenda na Thabit. Ulidhani niko huko, au ulitaka niwe huko?"

"Nilitaka."

Akalia. Nami nikalia. Sikuthubutu kumsogelea. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya kandambili, kuliko siku ya maji, kwa sababu sasa aliyekuwa ananiacha nyuma angekuwa yeye, na angekuwa na haki.

Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Sijasema nimekusamehe," alisema. "Sijui bado. Ntakapojua ntakwambia, sitokupa habari za samaki."

"Nitasubiri."

"Hilo ndilo nlilokwomba tangu mwanzo."

Akainua kikombe, akanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa, akamaliza yote. Nikanyoosha mkono kukipokea, nikingoja akitikise, ili nijue ameshatosheka nami na niondoke. Alikiweka kiganjani mwangu, hakukitikisa.

Nikamtilia tena. Mikono ni ile ile yenye khofu, na safari hii ilimwaga.